Kasi ya Bartholomeo

Watu wa rika langu wakianza kukumbuka michezo ya kompyuta ya utotoni huwa wanalegea macho. Utamsikia mtu mzima, ana kitambi na presha, anasema "aa, siku zile bwana," kisha anakohoa kidogo ili asilie. Mimi sikohoi. Nikikumbuka ule mchezo wa mpira wa dukani kwa kina Deepak, kitu cha kwanza kunijia ni hasira, cha pili ni sabuni. Nitaeleza, ila msinikatize.

Ulikuwa mwaka 1997, Shinyanga. Mimi Agnetha nilikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la sita. Kwetu asili ni upande wa Bukoba, lakini baba yetu, mzee Pantaleo, aliletwa huku na kazi ya jineri, kile kiwanda cha kuchambua pamba, akafia hukuhuku. Tukabaki watatu Ibadakuli, karibu na uwanja wa ndege: mama, mimi, na kaka yangu Bartholomeo mwenye miaka ishirini. Ndege zilitua kwa nadra. Siku nyingine zote uwanja ulikuwa wa mbuzi.

Deepak tulikuwa tunakaa naye dawati moja. Baba yake, Mzee Pranlal, alikuwa na duka la jumla mjini, na binamu yao wa Nairobi alikuwa amewaletea kompyuta ya kuorodhesha mali ya stoo. Mzee Pranlal aliifunika kwa kitambaa cha maua. Siku ya Diwali aliifanyia sala, akaipaka alama nyekundu kwenye paji la uso, maana kama kompyuta ina paji la uso basi ni pale juu ya kioo. Alama ile haikufutwa. Tulicheza mpira mwaka mzima chini yake.

Mchezo wenyewe aliuacha humo yule binamu. Uwanja unauona kwa juu, na wachezaji ni vijitu vidogo vyenye miguu miwili na basi, hakuna cha sura. Unamjua mtu kwa jina linalotokea pembeni akishika mpira. Majina yote yalikuwa ya Kizungu, mpaka Deepak alipogundua mahali pa kuyabadilisha. Kwa Jumapili mbili tulifukuza Wazungu wote wa timu moja, tukasajili Ibadakuli. Golini tulimweka Mwalimu Marwa, maana darasani hakuna kilichompita. Beki wa kati alikuwa Ghati, muuza samaki, mama mmoja mwenye mkono ambao mtaa mzima uliuogopa. Deepak alijiweka mwenyewe benchi na kasi mbili, kwa unyenyekevu aliolelewa nao. Namba tisa alikuwa Bartholomeo. Mashine ilikubali herufi kumi tu, kwa hiyo aliandikwa BARTHOLOME, na ile o ya mwisho ikabaki nje.

Mzee Pranlal alitoa sharti moja. "Mashine yangu nimeiruhusu mcheze," alisema, "lakini msiache takataka zenu ndani yake." Ndiyo maana ligi yetu yote, majina, mabao na msimamo, vilikaa kwenye disketi moja nyeusi, kile kibamba cha plastiki cha kutumbukiza kwenye mashine. Nilibandika lebo nikaandika IBADAKULI kwa kalamu ya bluu. Tuliihifadhi kwenye kopo la biskuti pamoja na disketi ya duka, ambayo nayo ilikuwa nyeusi, na lebo yake iliandikwa SABUNI. Zilifanana kama mapacha. Likumbukeni hilo.

Sasa, kaka yangu kwenye mpira wa kweli pia alikuwa namba tisa, wa timu ya mtaa, kwenye kiwanja cha vumbi nje ya uzio wa ndege. Alikuwa amefunga mabao matatu maishani mwake, moja la kujifunga. Kwenye mashine, kufikia mwezi wa tisa, alikuwa na mabao arobaini na moja. Habari zilienea. Watu walinisimamisha njiani wakaniuliza, "Jana Bartho kafunga mangapi?" Nikisema manne, walimpa mkono yeye mwenyewe akipita, na yeye alipokea pongezi bila aibu yoyote.

Jumapili moja ya mwezi wa kumi akaja dukani kujiona. Alikaa kwenye kreti la soda, akatazama orodha. Kila mchezaji alikuwa na kasi yake, kuanzia moja mpaka saba.

"Agnetha," akasema. "Mimi nne?"

"Nne."

"Mimi?"

"Hukimbii, Bartho. Unatembea haraka."

Deepak akacheka mpaka akashika meza. Bartholomeo hakucheka. "Nipandishe. Nipe saba."

"Saba ni ya watu wanaokimbia."

"Mimi kaka yako!"

"Kwani nimesema si kaka yangu? Nimesema una nne."

Tulibishana njia nzima mpaka nyumbani. Mimi nikishikilia kitu huwa sikiachii, hata mama husema nilizaliwa nimekunja ngumi. Kesho yake asubuhi alikuwa anaondoka kwenda Mwakitolyo kuchimba dhahabu na rafiki yake Maganga. Nguo alizobaki nazo alizigawa zote kwa majirani, akasema akirudi atanunua mpya. Kabla ya kutoka alikuja kitandani kwangu akanitikisa mguu. "We Agnetha. Saba, eh?" Nilikuwa macho kabisa. Nikajifunika shuka kichwani. Akacheka, nikasikia mlango.

Mwisho wa mwaka ule ndio zikaja mvua za elnino. Mliokuwepo mnazijua, na msiokuwepo waulizeni wenzenu. Maganga alikuja asubuhi moja ya mwezi wa kumi na mbili, matope mpaka magotini, akasimama mlangoni. "Mwangaluka, mayu," akamsalimu mama Kisukuma. Mama akamkaribisha chai, akakataa. Hapo mama akakaa chini kwenye sakafu, kwa sababu mtu wa machimboni hakatai chai.

Duara lilikuwa limetitia. Duara ndilo shimo lenyewe la kuchimbia, wanaliita hivyo. Walikuwa chini watu wawili, mmoja akavutwa kwa kamba akatoka, Bartholomeo hakutoka. Maji yakajaa, kifusi kikafuata. Wenzake walichimba siku tisa. Siku ya kumi maduara ya jirani yakaanza kupasuka, wakaambiwa waache. Kibanda chao nacho kilikuwa kimesombwa na mafuriko na kila kitu kilichokuwemo. Maganga alieleza yote hayo akiwa amesimama, kisha akatuomba msamaha, kana kwamba ni yeye aliyeileta mvua.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda dukani. Deepak aliponiona hakuuliza, akatoa kitambaa cha maua, akawasha mashine. Nikafungua orodha, nikashuka mpaka namba tisa, nikafuta nne, nikaandika saba. Deepak aliangalia ukutani muda wote huo. Nilikuwa nimechelewa, nilijua nimechelewa, na iliniuma.

Baba mdogo Gregory alifika kutoka Bukoba baada ya siku nne, barabara zote zikiwa mbovu. Alikuwa mtu wa utaratibu. Akasema mtu hawezi kuachwa hivihivi bila kaburi, na kwenye ukoo wetu jambo hilo lina namna yake: unakatwa mgomba wa kimo cha marehemu, unavishwa sanda, unafungiwa kitu cha marehemu mwenyewe, unazikwa kwa sala zote. Hapo aliyekufa anaacha kutangatanga na walio hai wanaacha kungoja. Katekista alisema atakuja kusali, ila mgomba wenyewe hatauangalia.

Kazi ikawa kupata mgomba. Bukoba unatupa jiwe unapiga mgomba. Shinyanga baba mdogo alizunguka siku nzima na panga mkononi, akirudi anatikisa kichwa. "Mnaishije huku?" akauliza, na lilikuwa swali la kweli. Mwisho nikakumbuka kwamba Mama Deepak, Bi Lataben, alikuwa na mgomba mmoja uani, unaokunywa maji ya bafuni, anautunza kwa ajili ya majani ya sala zao. Tukaenda. Alipoambiwa ni wa nani, alijifunika uso kwa ncha ya sari akalia, kisha akasema ukateni.

Mzee Pranlal alisimama pembeni na baba mdogo wakautazama. "Sisi wafu wetu tunawachoma, Mzee Gregory," akasema taratibu. "Lakini hata kuchoma, lazima awepo mtu wa kuchoma. Nyie mmepata njia."

Bado kitu cha marehemu. Tulipekua nyumba nzima. Nguo alishagawa, na waliogawiwa walishazivaa zikawa zao. Vingine alikwenda navyo. "Hata soksi?" baba mdogo akauliza. Ikapatikana soksi moja chini ya kitanda, ikagundulika ni yangu.

Mama, siku ya pili sasa, alikuwa hajasema neno. Akasema, "Kuna yule wa kwa Baba Deepak."

Tukamgeukia.

"Yule anayefunga mabao. Agnetha, si yumo kwenye kile kibamba?"

"Mama, mle kuna jina tu."

"Na kule kwenye msalaba tutaandika nini?" akasema. "Si jina tu?"

Baba mdogo alikuwa amesafiri siku nne kuja kusimamia mila, na mila haikusema chochote kuhusu kompyuta, kwa hiyo haikukataza.

Lakini mama alitaka kwanza amwone. Jumapili mchana duka limefungwa tukaenda, yeye na kanga zake mbili za msiba. Bi Lataben akamwekea kiti chenye mto. Mzee Pranlal alibaki nje barazani, akatuachia chumba. Deepak akatumbukiza disketi, nikaanza mechi.

"Huyo ndiye?" mama akauliza.

"Ndiye."

"Amekonda."

"Wote wako hivyo, mama."

Akasogea karibu akasoma jina. "O yake iko wapi?"

"Haikutosha."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyezoea vitu kutotosha. Bartholomeo akapata mpira katikati ya uwanja akatoka nao mbio, akawaacha watatu, akafunga. Mama akapiga kofi moja, kisha akaurudisha mkono mapajani haraka. "Bartholomeo hakukimbia hivi," akasema, "hata siku ile nyuki walipomfukuza."

Deepak akaangalia tena ukuta wake.

Bartholomeo akafunga la pili. Mama hakupiga kofi. Akakaa anamfuata kwa macho kila anapokwenda, hata asipokuwa na mpira, na sijui alimtambuaje maana vile vijitu vyote ni sawa. Kisha akasema, "Mtoe."

"Mechi haijaisha, mama. Bado dakika ishirini."

"Nimesema mtoe. Amechoka. Apumzike."

Nikabonyeza kitufe cha kubadilisha. Kile kijitu kikageuka, kikatembea polepole mpaka kwenye mstari, kikavuka, kikapotea. Akaingia mwingine.

"Na huyu?"

"Ni Deepak, mama. Kasi mbili."

"Mwambieni asijisumbue," mama akasema, akainuka. Mlangoni akaniambia Jumanne asubuhi, kabla ya mazishi, nimletee kibamba.

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu nimelihukumu jambo hili mwenyewe miaka mingi na sihitaji msaada. Sikutaka kuitoa. Niliwaza hivi: mama atakuwa na kaburi, atakuwa na msalaba, ana baba mdogo na katekista na majirani wanaompikia. Mimi nina nini? Nina yule pale, mwenye kasi saba, ambaye nikiwasha mashine anakimbia. Wakimfukia ardhini sitamwona tena, na neno la mwisho nililompa ni shuka kichwani. Nilitaka kubaki naye. Nilimtaka kuliko nilivyotaka kuwa mtoto mwema.

Jumanne asubuhi nilikwenda dukani mapema. Deepak na baba yake walikuwa uani wanapakia mgomba kwenye pikapu. Nikafungua kopo la biskuti. Zilikuwepo zote mbili, IBADAKULI na SABUNI. Nikazibandua lebo. Zilibanduka kirahisi mno, hata hazikupasuka, nikamshukuru Mungu ambaye hata hakuwa anahusika. Kisha nikazibadilisha: kibamba cha Ibadakuli nikakibandika SABUNI, na cha sabuni nikakibandika IBADAKULI. Kile cha sabuni nikampelekea mama. Kaka yangu nikamtia kwenye ile soksi yangu, nikamficha chini kabisa ya sanduku langu la bati.

Mazishi yalikwenda kwa utaratibu. Katekista alisali akitazama angani. Mama alikipokea kibamba kwa mikono miwili, akakibusu pale penye lebo, akakifunga kwa kipande cha kanga kwenye kifua cha mgomba. Wakaushusha. Watu walilia. Deepak alilia kuliko wote, alilia mpaka baba yake akamshika bega. Nikadhani analilia mchezo. Mimi nilisimama pale sina hata chozi, nawaza, Agnetha, umemzikisha mama yako sabuni.

Basi ikawa hivyo. Wiki ile Mzee Pranlal alitafuta disketi yake ya stoo hakuiona, akamfokea Deepak mbele ya wateja, na Deepak hakujitetea. Alianza kunikwepa. Nikadhani ameshajua nilichofanya, nami nikamkwepa, na kwenye dawati moja kukwepana ni kazi ngumu. Katikati ya mwaka 1998 wakahamia Mwanza na duka lao na kompyuta yao. Siku ya kuondoka Deepak alinipa mkono kama mtu mzima, akafungua mdomo, akaufunga. Nikabaki na kaka kwenye soksi na hakuna mashine ya kumwangalia.

Mama kila Jumapili akitoka kanisani alikwenda kaburini, pale nyuma ya nyumba. Anavuta kigoda, anamhadithia Bartholomeo matokeo ya mpira aliyoyasikia redioni, nani kafunga, nani kakosa penalti. Mimi nasimama nyuma yake na mikono nimekunja. Mama anacheka, anamwuliza kitu, anangoja kidogo, anaendelea. Na mimi moyoni: anaongea na sabuni. Mama yangu mzazi anaongea na sabuni ya mche na mimi ndiye niliyempelekea. Mwaka mzima na zaidi. Na kulia siwezi, maana nitalilia nini mbele ya sabuni? Majirani wakasema Agnetha ana moyo mgumu. Mama akasema mwacheni.

Darasa la saba nilimaliza, sekondari sikuchaguliwa. Mwaka 1999 mama akanipeleka kwenye chuo kimoja mjini, chumba kimoja cha uchapaji chenye kompyuta mbili, cha Bi Mwanaima. Bi Mwanaima alikuwa mkali, ukigusa kitufe kwa kidole kisicho chake anakupiga rula. Ijumaa moja akatuambia kila mtu aje na disketi yake ya mazoezi. Usiku ule sikulala. Kesho yake nikaja na soksi.

Nilingoja wenzangu watoke kwenda kula. Mchezo wenyewe kwenye mashine ile haukuwepo, hilo nilijua, lakini nilisema hata nikiona majina tu yanatosha. Nilisema nikiona hata BARTHOLOME bila o, nitaridhika. Nikatumbukiza. Ikanguruma. Nikafungua.

*Sabuni ya mche, katoni arobaini. Sabuni ya unga, katoni kumi na nane. Betri kubwa. Viberiti. Mishumaa.*

Nikaitoa. Nikaipuliza. Nikaitumbukiza tena.

*Sabuni ya mche, katoni arobaini.*

Bi Mwanaima akanikuta nimekaa naitazama. "Hii ni nini?" akauliza. Nikamwambia ni kaka yangu. Kwa mara ya kwanza hakuigusa rula.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye simu ya kulipia, nikapiga namba ya Mwanza waliyotuachia. Nilikuwa nimewaka, jamani. Mwaka na nusu nimetunza sabuni kwenye soksi, nimeiombea hadi rozari! Akapokea Bi Lataben. Shikamoo Mama Deepak. Marahaba mwanangu, mama hajambo, mvua zinanyesha, mahindi yameotaje, na mimi naitikia yote huku simu inakula hela, mpaka akamwita.

"Deepak. Umenifanyia nini?"

Akasema kwa sauti ndogo, na sauti yenyewe ilikuwa imeanza kuwa nzito, "Umejuaje?"

"Nimejuaje nini?"

"Ile disketi. Siku moja kabla ya mazishi, Jumatatu, nilibandua lebo. Nikabandika IBADAKULI kwenye ile ya sabuni, na SABUNI kwenye yetu. Nilitaka mama yako azike ile ya duka, ya kwetu nikufichie, nikupe baada ya arobaini. Nilikuona siku ile ulivyoandika saba. Sasa Jumanne jioni nafungua kopo, ile yenye SABUNI haipo. Nikajua nimempoteza. Agnetha, nimempoteza kaka yako, sikuweza kukwambia."

Nilihesabu kwa vidole kwenye kile kibanda, watu wakinitazama. Yeye aligeuza Jumatatu. Mimi, bila kujua, Jumanne nikageuza alichokigeuza, kila lebo ikarudi kwenye kibamba chake.

"Deepak," nikasema, "na mimi nilibadilisha."

Nikamsikia naye anahesabu. "Kwa hiyo mama yako alizika nini?"

"Bartho," nikasema. "Mama alimzika Bartho."

"Ah," akasema Deepak. "Na sabuni?"

"Ninayo kwenye soksi."

Akaanza kucheka, nami nikaanza, tukacheka mpaka mtu wa nyuma yangu akagonga kibanda kwa funguo. Sikukumbuka hata kuaga. Nilitoka nikatembea kwa miguu mpaka Ibadakuli, na mwendo si mdogo.

Nyumbani mama alikuwa jikoni nyuma, moshi unatoka. Nikapita nikaenda kaburini. Msalaba wa mbao ulikuwa umeanza kuinama. Fundi alikuwa ameandika BARTHOLOMEO lote, mpaka na o. Nikakaa chini kwenye udongo, mimi ambaye nilisimama pale zaidi ya mwaka nikiona aibu badala ya mama. Mama hakukosea hata Jumapili moja. Aliyekuwa anaongea na sabuni ni mimi.

Nikalia. Nililia kwa kelele, kama wanavyolia watu siku ya msiba yenyewe, na kwangu ndiyo ilikuwa siku yenyewe.

"Bartho," nikasema. "Saba nilikupa. Unanisikia? Niliiandika kwa mkono wangu. Unayo hapo kifuani, haijafutika. Saba, Bartho."

Mama akaita kutoka jikoni. "Agnetha! Unaongea na nani huko?"

"Na Bartholomeo."

Nikasikia anafunika sufuria.

"Unamwambia nini?"

"Namwambia anakimbia, mama."

"Mwambie akae chini," mama akasema. "Alishafunga mawili."